Tamthilia zilivyotuharibia mitoko

Mwaka 2011 TBC walionyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou, imeingizwa sauti za Kiswahili, na kwetu Tandika sebule ya jirani ilikuwa inajaa mpaka wengine tunachungulia dirishani. Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, basi mtaani tukajiona kama tumetajwa sisi.

Ile nilikuwa naielewa, yaani mambo ya mkwe na mawifi hata kwa shangazi yangu yapo. Kilichotuvuruga ni bongo movie bana. Kijana wa kwenye bongo movie hapandi daladala, ana nyumba ya ghorofa ila kazini humuoni anaenda, na demu akinuna anapelekwa hotelini ufukweni. Sasa mshkaji wangu mmoja akayachukua kama yalivyo, mtoko wa kwanza akaazima shati, akampeleka mtoto wa watu kwenye mgahawa wa maana, menyu ilipokuja tu jasho likaanza kumtoka, wakanywa soda mojamoja wakaondoka wakaenda kula chipsi mayai kwa muuza chipsi wa pale stendi (na kachumbari ya bure, hiyo kwenye muvi huioni hata siku moja). Demu ndo akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile, akamwambia angesema tangu mwanzo, yeye mwenyewe njaa ilikuwa inamuuma.

Walidumu miaka miwili. Shati nadhani hakurudisha.