Siku Nilipokaza Steringi ya Gari la Mama

Mama ndiye aliyeling'amua tatizo kabla yetu sote, na alilieleza vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kumsikia akizungumzia usukani. "Mwanangu," aliniambia, "gari haliniasi, ila siku hizi linanisikia kwa kuchelewa." Alikuwa ameliendesha kwa miaka mingi na alizijua tabia zake zote. Alisema kwamba akiugeuza usukani kidogo kulia, gari huendelea kwanza na mwendo wake wa awali, kisha ndipo linageuka. Na kwenye barabara iliyonyooka humlazimu kulirekebisha kila mara, mara kushoto, mara kulia, mpaka mabega yanamchoka. Isitoshe, kila alipokunja usukani hadi mwisho wakati wa kuegesha, mkanda wa injini ulipiga kelele kali iliyowafanya watu wageuke kutazama.

Nilianza kwa kupima, kwa sababu kusema usukani "unacheza", yaani unasogea bila tairi kugeuka, hakuna maana mpaka ujue unacheza kiasi gani. Niliwasha injini, nikaelekeza magurudumu mbele, nikashikilia rula karibu na ukingo wa usukani, kisha nikausogeza kwa vidole viwili huku nikilitazama tairi la mbele kupitia dirishani. Ukingo ulisogea karibu sentimita 5 kabla tairi halijatikisika. Vitabu vingi vya matengenezo ya magari ya aina ile hukubali milimita 25 hadi 30 tu, kwa hiyo malalamiko ya Mama yalikuwa na msingi kamili.

Gari lilikuwa la zamani, lenye steringi boksi, yaani kasha la meno linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, na pawa steringi ya oili, bila kifaa chochote cha umeme kwenye mfumo wa usukani. Mfumo wa namna hiyo una umri mrefu: mhandisi Mmarekani Francis Davis aliujaribu katika miaka ya 1920, na Chrysler ikaanza kuuuza kwa wateja kwenye gari lake la Imperial la mwaka 1951. Jambo lililonipa moyo ni kwamba kanuni zake hazijabadilika sana tangu wakati huo, na mtu mwenye spana, taa nzuri na subira anaweza kuukagua wote akiwa nyumbani. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma oili yenye shinikizo hadi kwenye boksi. Dereva anapogeuza usukani, fito nyembamba ya chuma iliyomo ndani ya boksi hujisokota kidogo na kufungua vali, na oili hiyo ikaisukuma pistoni upande anaoutaka. Pistoni ina meno yanayoshikana na meno ya shafti inayotokeza chini ya boksi, na shafti hiyo ndiyo inayozivuta rodi za magurudumu.

Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kuifunga. Kwenye gari letu, ukiizungusha kwa mwelekeo wa saa, meno ya shafti husogezwa karibu zaidi na meno ya pistoni, na usukani hupunguza kucheza. Kila mtu aliyewahi kufungua boneti ya gari la namna hiyo anaijua skrubu hiyo, na wengi hukimbilia hapo kwanza. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kutusaidia, alikuwa tayari ameshika bisibisi. Nilimwomba aiweke chini kwanza. Niliamini, na bado naamini, kwamba skrubu hiyo inafaa kuwa ya mwisho kuguswa, kwa kuwa kati ya mikono ya dereva na tairi kuna viungo vingi, na kila kimoja kinaweza kuongeza ulegevu wake ambao skrubu haiwezi kuuondoa.

Tulivuta hendibreki, tukaweka kabari nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, tukazima injini. Gari lilikuwa na nafasi ya kutosha chini, kwa hiyo sikuhitaji jeki kwa hatua hiyo, na uzito wa gari juu ya matairi ulifaa kwa kuwa ndio unaofichua viungo vilivyolegea. Mama alikaa kwenye kiti chake akawa anatikisa usukani taratibu, kushoto kidogo, kulia kidogo, bila kupumzika, huku mimi nikiwa chali na taa mkononi nikifuata kiungo kimoja baada ya kingine. Kiungo cha mpira kinachounganisha shafti ya usukani na boksi kilikuwa kizima. Vichwa vya tairodi, yaani rodi zinazoyavuta magurudumu, vilikuwa vizima pia. Mkono wa upande wa pili unaoshikilia rodi ya kati, ambao mafundi huuita aidla, ulipanda na kushuka kidogo kila rodi iliposukumwa, dalili kwamba bushi zake, yaani pete zinazoushikilia kwenye kiungo chake, zilikuwa zimeanza kwisha. Niliweka jambo hilo kiporo.

Kisha nikaweka kiganja changu mahali ambapo boksi linakutana na chasisi, nusu ya kiganja juu ya boksi na nusu juu ya chasisi. Mama alipotikisa usukani, nilisikia chuma kikiteleza chini ya vidole vyangu. Kilikuwa kiasi kidogo sana, ambacho nisingekiona kwa macho, lakini mkono ulikishika bila shaka yoyote. Boksi lenyewe lilikuwa linasogea. Bolti moja kati ya zile zinazolishikilia ilikuwa imelegea, na kuzunguka kichwa chake kulikuwa na mstari wa kutu nyekundu laini kama unga, ambayo hujitokeza pale vyuma viwili vinaposuguana kwa muda mrefu. Niliita, "Mama, simama hapo hapo!" nikamwita na kaka aje aguse mwenyewe. Alipogusa, alirudisha bisibisi kwenye boksi la vifaa bila kuambiwa.

Tulikagua chasisi kuzunguka matundu ya bolti ili kuhakikisha hakuna ufa, tukasafisha kutu, kisha tukakaza bolti zote kwa spana ya kupima nguvu kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nilipopima tena kwa rula, sehemu ya mchezo ilikuwa imetoweka, na hatukuwa tumegusa kitu chochote ndani ya boksi.

Mkanda ulichukua muda mfupi. Niliubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili ukazama zaidi ya sentimita 2, wakati ulipaswa kuzama kama sentimita 1. Tulilegeza bolti za pampu, tukaivuta nje kidogo ili mkanda ukazike, tukakaza bolti. Mkanda ulioregea huteleza hasa pale usukani unapokunjwa hadi mwisho, kwa sababu hapo ndipo pampu inapofanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Oili ilitaka uangalifu zaidi. Kwenye chombo chake ilikuwa imepungua, imegeuka kutoka wekundu hadi hudhurungi, na ilikuwa na povu juu. Povu ni hewa, na hewa hubanwa wakati oili haibanwi, kwa hiyo msaada wa pampu huja kwa kusitasita. Klipu ya mpira unaoshuka kutoka kwenye chombo hadi kwenye pampu ilikuwa imelegea. Mpira huo hauna shinikizo kubwa ndani yake. Pampu hunyonya kupitia humo, na ndiyo maana klipu ikilegea inaweza kuvuta hewa ndani hata kama huoni tone la oili likidondoka nje. Tulibadilisha klipu na kumwaga oili ya zamani, tukajaza ya aina inayotajwa na kitabu.

Ili kutoa hewa tuliinua mbele ya gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi za chuma. Injini ikiwa imezimwa, Mama alizungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia na kurudi, tena na tena, huku mimi nikitazama ndani ya chombo na kuongeza oili kila iliposhuka. Mapovu yalipanda makubwa makubwa, baadaye yakawa madogo, kisha machache mno. Tulipowasha injini na kurudia zoezi lilelile, nilimwomba Mama asiushikilie usukani mwishoni, kwa sababu hapo shinikizo hupanda hadi kikomo chake na oili hupata joto haraka sana, jambo ambalo pampu ya zamani haistahili kufanyiwa.

Sasa skrubu ilikuwa na haki ya kuguswa. Tulizima injini, tukahesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kuugawa katikati ili kupata mahali pa mwendo wa kunyooka. Nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kifuniko ili niweze kurudi nilikotoka. Nikalegeza nati, nikazungusha skrubu nusu ya robo raundi, nikaishikilia kwa bisibisi wakati kaka anakaza nati, kwa kuwa nati ikiachwa peke yake huiburuta skrubu pamoja nayo. Kisha usukani ukazungushwa mwisho hadi mwisho kwa mkono mwepesi, nami nikasikiliza kama kuna mahali unagoma. Hapakuwa napo. Niliongeza kidogo tena, chini ya kiasi cha kwanza, na rula ikaonyesha karibu sentimita 3.

Kaka alisema, "Kaza mpaka mchezo wote uishe." Nilikataa, na nilimweleza sababu. Gari hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda mbele moja kwa moja, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayolika zaidi, na ya pembeni hubaki karibu mapya. Ukikaza hadi katikati pasiwe na nafasi kabisa, pembeni patabana, na usukani utakaobana pembeni hautarudi wenyewe baada ya kona. Kwangu mimi, usukani unaocheza kidogo unamchosha dereva, lakini usioweza kurudi unaweza kumuua.

Tulishusha gari, nikaliendesha kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu. Kila nilipotoka kwenye kona nililegeza mikono, na usukani ulirudi wenyewe katikati bila kusita, kushoto sawa na kulia. Mama akachukua nafasi yake. Alienda mbali kuliko nilivyotarajia, na aliporudi aliniambia tu kwamba mkanda umenyamaza na kwamba mkono mmoja unatosha tena.

Bushi za aidla tulizibadilisha wiki chache baadaye, tukapeleka gari kupangwa magurudumu. Nilipopima tena siku hiyo, usukani ulikuwa unacheza sentimita 2, na mstari mweupe juu ya boksi ulikuwa pale pale nilipouacha.