Mafuta Nani Anaweka?

Nipo nyumbani Uyole kwa likizo, na baridi ya Julai inauma kuliko nilivyoikumbuka. Jana usiku tumezunguka jiko la mkaa tunachoma mahindi, ulimi ukateleza, nikasema kule New York naenda kazini kwa meli na silipi hata senti.

Wadogo zangu wakaangua kicheko. "Dada, pantoni ya Kigamboni tu watu wanalipa, itakuwa Marekani?"

Ikabidi nieleze. Naishi Staten Island, kazi iko Manhattan, vyote visiwa vya jiji hilo hilo, na kati ya hapo hakuna daraja. Yaliyopo yanakwenda Brooklyn, upande mwingine wa jiji, na jimbo jirani la New Jersey. Kwa hiyo tunavuka kwa meli kubwa za rangi ya chungwa, kilomita 8 hivi, dakika 25, usiku na mchana. Zamani nauli ilikuwepo. Ilifika senti 50, mwaka 1997 ikafutwa.

Wiki ya kwanza nilikuwa nashika sarafu mkononi, nasubiri konda apite. Na kabla hata sijapanda, upande wa Manhattan, kijana mmoja alinivamia na tiketi za "boti". Mimi wa kuzaliwa Mbeya, niliyekulia katikati ya wapiga debe wa Kabwe, nikafungua pochi! Mama mmoja mpita njia akanitikisia kichwa, ndiyo pona yangu. Vijana wale hula kwa watalii, maana watalii hawaamini kwamba chombo kinachopita karibu na Sanamu ya Uhuru ni cha bure. Wakipanda hujazana upande wa kulia na simu zao. Sisi tunaotoka zamu ya usiku tunasinzia. Tukifika, wote lazima tushuke, hata anayetaka kugeuza, basi utawaona wanakimbia kuzunguka kupanga foleni upya.

Baba mdogo alikuwa kimya muda wote. Ni mtu wa Kyela, amebeba mchele bandarini Itungi, Ziwa Nyasa, ujana wake wote, meli anazijua. Akageuza hindi lake, akauliza, "Sawa mwanangu. Mafuta nani anaweka?"

"Jiji, baba."

"Jiji linalima?"

Nikakubali yaishe. Mshahara wangu unakatwa kodi ya taifa, ya jimbo, na ya jiji lenyewe. Mama akadakia, "Na ukishuka, unafikaje kwako?" Basi. La kulipia. "Kumbe bure ni ya kwenye maji tu," akasema, akaniongezea chai.

Nikaona nijitetee kwa upande mwingine, nionewe huruma kidogo. Nikawaambia usiku ukikuta mlango umefungwa, unakaa dakika 30 nzima kusubiri nyingine.

Baba mdogo akacheka hadi akakohoa. "Dakika 30! Mimi nimesubiri ziwa litulie siku mbili, nimelalia magunia. Na nauli nilikuwa nimeshalipa."