Makumbusho ya Darajani (ya kadibodi): upande wa mjini umesimama

Kuta, ngazi na boriti za ghorofa ya kwanza zote zimeshika. Uliobaki ni upande wa Ng'ambo, na huko ndiko kichwa kinakoniuma.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: nabuni, kwa kujifurahisha tu, jengo la makumbusho ya mji wa Zanzibar. Kiwanja nimejigawia mwenyewe, hati sikuomba kwa mtu: kipo Darajani, kando ya Barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wengi bado tunaiita Creek Road. Hapo zamani maji ya bahari yaliingia yakautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kisha yakafukiwa kidogo kidogo. Mgeni wangu ataingia kutokea mjini, kwenye jengo la mawe na chokaa, atokee Ng'ambo, kwenye jengo la zege.

Boriti ni vijiti vya mishikaki. Modeli ni ya kipimo cha 1:50, na boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua kila kitu, kama ilivyowaamulia waliojenga mji wenyewe. Mti wa mkoko haubebi dari pana. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wake mita tatu hivi. Kwangu hiyo ni sentimita 6. Kuta nimebandika kadibodi tabaka juu ya tabaka mpaka unene ukafika sentimita 1.2, maana ukuta wa mawe na chokaa si wa kuchezea. Nilitaka ukumbi mkubwa wa maonyesho, boriti zikakataa. Basi vyumba viwili vimekaa sambamba, na matao yametoboa ukuta wa katikati.

Mjomba, ambaye ni fundi chokaa, aliitazama akauliza, "Na hapa unapounganisha na zege, mwanangu, umefanyaje?" Nikamwonyesha upenyo. Akaridhika: ukuta wa chokaa ukiupaka saruji unafungia unyevu ndani, na chumvi inaanza kuula. Kwa hiyo majengo mawili hayagusani. Kati yake pana uwazi wenye paa la kioo.

Wapo walioniambia zege na Mji Mkongwe havipatani. Lakini hata Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe la mwaka 1883, ilisimamishwa kwa nguzo za chuma zilizoagizwa ng'ambo ya bahari, na umeme ukaingia humo mapema. Ule ulikuwa usasa wa Sultan Barghash. Mnara wake na sehemu ya mbele vilianguka Desemba 2020, na humo ndimo yalimokuwa makumbusho yetu ya historia.

Sasa Ng'ambo. Rahisi ingekuwa kuiga maghorofa ya Michenzani, yale marefu yaliyopangwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini kabla yake palikuwa na nyumba za udongo na makuti, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Nyingi zilibomolewa kupisha maghorofa, na baraza zikaenda nazo. Nimeamua baraza moja itoke mlango wa mjini, ipite kwenye uwazi bila kukatika, ikaishie chini ya nguzo za zege, na wauza kahawa waruhusiwe kukaa. Kimo cha kiti cha baraza ni sentimita 45, yaani milimita 9 kwangu.

Kinachofuata ni kukata kadibodi ya kijivu kwa ajili ya nguzo. Nafasi kati ya nguzo na nguzo itakuwa mita sita, vyumba viwili vya boriti kamili. Mfereji wa maji ya masika chini ya paa la kioo bado sijauchora.