Siku moja maabara: kirusi cha UKIMWI kinacholala kwenye utando mweupe

Saa 2 asubuhi. Feri ya Likoni bado inamwaga watu. Kazi ya kwanza ni kusoma joto la friji: nyuzi 2 hadi 8.

Saa 3 na nusu. Vichupa vya kifuniko cha zambarau vinaingia. Ndani mna EDTA ya kuzuia damu isigande; aliyeitoa alipaswa kukigeuza polepole mara 8 hadi 10. Ukikitikisa, chembe nyekundu hupasuka. Fomu isiyo na saa ya kutolewa damu inaudhi kuliko zote, maana plazima itenganishwe kabla ya saa 24 kwisha.

Saa 5. Sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu hadi ijitenge, dakika 20. Juu plazima, manjano kama samli iliyoyeyuka, chini wekundu, katikati utando mwembamba mweupe. Tunanyonya plazima na kuacha kidogo juu ya utando, pipeti isiuguse.

Kwenye plazima ndiko virusi vinakoogelea. Vilivyolala vimo kwenye seli, na seli za CD4, seli za kinga ambazo kirusi huzivamia, zimo kwenye utando. Kirusi kikiingia seli hugeuza RNA yake kuwa DNA, kisha hujichomeka katika DNA ya seli. Seli nyingi hufa siku moja au mbili baada ya kuanza kuzalisha virusi. Chache hurudi kupumzika, zikawa seli za kumbukumbu, na kirusi kikanyamaza humo: kinga haikioni, dawa haina pa kukishika. Hutokea mapema mno. Kwa nyani wa utafiti, akiba hiyo ya virusi vilivyolala ilishajengeka ndani ya siku 3, damu bado haijaonyesha virusi.

Saa 8 mchana. Kadi za damu kavu za watoto. Unyevu wa Mombasa ni adui: zikauke kwa muda wa saa 4 au zaidi, zimelazwa, mbali na jua. Kadi ya kuonyesha unyevu ikigeuka waridi, badilisha vifuko vya kukaushia. Kwa mtoto tunasaka DNA ya kirusi yenyewe, kwa hiyo seli tunazitaka. Kwa mtu mzima anayemeza ARV, kadi hiyo huweza kuhesabu hata virusi vilivyolala, na namba ikapanda bure.

Saa 10. Majibu: chini ya nakala 50 za kirusi kwa mililita ya plazima. Kliniki inauliza kama mgonjwa amepona. Hapana, akiba hupungua nusu kwa takriban miezi 44, dawa zikiendelea. Mtoto wa Mississippi, Marekani, alianza dawa saa 30 baada ya kuzaliwa, baadaye dawa zikaachwa, akakaa zaidi ya miezi 27 bila dawa, na mwaka 2014 kirusi kikarudi. Wengi wakiacha, hurudi ndani ya wiki chache.

Saa 11. Masalia ya vichupa, utando na wote, yanaingia otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, kwa nyuzi 121.