Boila la zamani, sakafu ya uvuguvugu: mabomba yaungwe vipi

Nyumba nyingi za zamani tunazonunua Minneapolis, St. Paul na kwingine huku Marekani kwenye baridi kali zina boila (mtambo wa kuchemshia maji) la chuma cha kusubu chini ya nyumba na rejeta nzito za kupasha joto vyumbani. Mtu akiongeza chumba, anataka sakafu yenye joto, yaani yenye mabomba ya maji ya moto ndani yake. Boila si lipo? Anaunga bomba tu. Hapo ndipo mambo huharibika, maana boila hilo hutoa maji ya nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, na sakafu inataka 35 hadi 45, uso wake usizidi 29 hivi.

Karibu kila mtu hukumbuka kuilinda sakafu. Kulilinda boila ndiko kunakosahaulika.

Gesi asilia ikiungua hutoa mvuke mwingi. Maji yanayorudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke huo hugeuka maji humo humo ndani, tena maji yenye asidi. Chuma huliwa, magamba ya kutu huziba njia za moshi, moshi ukakosa pa kutokea, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, ikaingia nyumbani. Dohani ya matofali nayo hulowa na kumomonyoka. Ukiona madoa ya kutu kwenye maungio ya bomba la moshi, au matone chini ya boila ilhali hakuna bomba linalovuja, kazi imeshaanza kuharibika.

"Lakini nimeweka valvu ya kuchanganya maji." Ndiyo ile inayochanganya maji ya moto ya boila na yaliyopoa yanayorudi kutoka sakafuni. Sawa, tupige hesabu. Sakafu inazungusha lita 12 kwa dakika, inapokea maji ya nyuzi 40 na kurudisha ya 33. Boila likiwa na nyuzi 75, valvu huvuta lita 2 tu za moto kwa dakika, yaani kilowati 6 hivi. Hakuna tatizo. Sasa chukua zege la sakafu lililopoa kabisa, linalorudisha maji ya nyuzi 10: valvu ile ile, ikijitahidi kufikisha 40, huvuta lita 5.5, kilowati 25. Boila la kilowati 20 haliwezi kufuata. Joto lake hushuka na kubaki chini kwa saa nyingi, likitoka jasho ndani muda wote. Valvu inaijua sakafu tu, haina habari na boila.

Dawa ni kidhibiti chenye vihisi viwili, kimoja kwenye bomba liendalo sakafuni, kingine kwenye bomba lirudilo kwenye boila, kikiendesha pampu ndogo ya kasi inayobadilika inayoingiza maji ya moto. Maji ya kurudi yakikaribia nyuzi 55, pampu hupunguza mwendo. Sakafu itachelewa kupata joto siku ya kwanza. Na ichelewe.

Mzunguko wa boila uwe wake peke yake, na wa sakafu uungwe kwa tii (viungio vya umbo la T) mbili zilizokaribiana: kati ya tii na tii pasizidi kipenyo cha bomba mara nne, yaani sentimita 10 kwa bomba la inchi 1. Kabla yake acha sentimita 20 za bomba lililonyooka, baada yake 10. Zikiachana mno, presha hutofautiana kati yake na pampu moja huanza kusukuma maji kwenye mzunguko wa mwenzake. Weka pia valvu ya njia moja, la sivyo sakafu itapata joto hata pampu yake ikiwa imezimwa.

Tangi la mtanuko, linalopokea maji yanapotanuka kwa joto, liungwe upande ambao pampu inavuta maji, si upande inakosukuma. Ukikosea hapo, presha hushuka pampu ikiwaka, hewa huingia, na mabomba huguguma usiku kucha. Upepo wa tangi upimwe likiwa halina presha ya maji, ulingane na presha ya kujazia, kwa kawaida psi 12 (psi ni kipimo cha presha) kwa nyumba ya ghorofa mbili.

Valvu ya usalama ya psi 30 hukaa kwenye boila lenyewe, bila koki yoyote katikati. Bomba lake la kutolea maji lisipungue kipenyo, lielekee chini, liishie kama sentimita 15 juu ya sakafu, na ncha isiwe na hesi za kufungia kifuniko. Kuna watu huiziba kwa sababu inadondosha maji! Ikidondosha, kagua tangi kwanza.

Bomba la plastiki la PEX liwe lenye tabaka la kuzuia oksijeni; la maji ya kunywa hupitisha hewa, na pampu za chuma zikaoza.

Boila jipya linalokusudiwa kutoa umande ni kinyume kabisa: hilo hupenda maji ya kurudi yaliyopoa, ila bomba lake la kumwagia maji ya asidi lisipite mahali panapoganda.

Kibali cha mji kichukuliwe, na gesi na dohani aguse fundi mwenye leseni. Kazi ikiisha, washa mfumo ukiwa baridi, ukiwa umefunga kipimajoto kwenye bomba lirudilo kwenye boila. Ikipita robo saa bado liko chini ya nyuzi 55, zima na urekebishe kidhibiti kabla hujamlipa mtu. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe imeshafungwa karibu na vyumba vya kulala kabla ya kuwasha.