Barua za Shangazi Zilizobaki Nyuma

Kompyuta ya Baba ilinunuliwa mwaka 2002, na mimi ndiye niliyeitoa kwenye boksi. Kufikia 2018 ilikuwa bado inawaka, ila kwa kubembelezwa. Ukibonyeza kitufe, feni inaunguruma, skrini inabaki nyeusi mpaka unakata tamaa, kisha yale maandishi meupe yanaanza kupita. Betri ndogo ya duara iliyo ndani, ile inayoiwezesha kompyuta kukumbuka saa hata ikizimwa, ilishakufa zamani, kwa hiyo kila asubuhi mashine iliamini kuwa leo ni tarehe 1 Januari 2002. Baba alikuwa akirekebisha tarehe kwa mkono kabla ya kuanza kazi yoyote. Alifanya hivyo kwa miaka bila kulalamika.

Mfumo wake ulikuwa Windows XP, ambao Microsoft iliacha kuutolea masasisho Aprili 2014. Tulimwambia Baba mara nyingi kwamba si salama. Mwishowe sisi watoto tukachangishana, tukamnunulia kompyuta mpya yenye Windows 10, na kwa kuwa nyumbani mimi ndiye fundi wa vitu hivi, kazi ya kuhamisha mafaili ikawa yangu.

"Baba, ni kazi ya Jumamosi moja tu," nilimwambia.

"Usiache kitu," akasema.

"Siachi kitu, Baba."

Neno hilo nililitamka kwa wepesi, na ndilo lililonisumbua usiku wa siku ile.

Nilianza na waya wa mtandao. Wazo langu lilikuwa kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, nifungue folda za ile ya zamani nikiwa kwenye ile mpya, ninakili, nimalize. Taa za pande zote mbili ziliwaka, waya ulikuwa mzima, lakini kompyuta mpya ilikataa kabisa kufungua folda. Nilihangaika zaidi ya saa nzima nikidhani ni nywila, au ni jina la kikundi. Kumbe hazikuwa na lugha moja. Windows hushirikiana mafaili kwa utaratibu unaoitwa SMB, na XP inajua toleo la kwanza tu la utaratibu huo. Windows 10, tangu mwishoni mwa 2017, ilianza kuliondoa toleo hilo. Na sababu ipo: tundu ambalo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 lilikuwa kwenye toleo hilohilo. Ningeweza kulirudisha kwa kubofya mara chache. Sikutaka. Sikuona sababu ya kuifungulia wezi mlango kompyuta mpya ya mzee siku ya kwanza tu inapoingia nyumbani.

Nikachukua flashi ya gigabaiti 16. Hapo nilikutana na jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa, kwamba matundu ya USB ya mashine ile yalikuwa ya kizazi cha kwanza, yanayopitisha kama megabaiti moja kwa sekunde. Diski ilikuwa na gigabaiti 31 za vitu. Nilipiga hesabu kwenye karatasi: zaidi ya saa nane za kunakili, kwa awamu mbili, bila kuhesabu muda wa kutoa vitu kwenye flashi upande wa pili. Hata hivyo nilianza. Baada ya picha kadhaa kuingia vizuri, nikalivuta faili kubwa kuliko yote, video ya harusi ya dada yangu, ambayo miaka ile tuliitoa kwenye mkanda wa kamera na kuiingiza kwenye kompyuta. Mkanda wa saa moja wa aina ile unakula kama gigabaiti 13. XP ikaniambia nafasi haitoshi, nifute baadhi ya mafaili.

Nilifuta. Nikaiacha flashi tupu kabisa, gigabaiti 16 zote, na bado ikaniambia nafasi haitoshi. Ujumbe ule unapotosha, na nina hakika umewapotezea muda watu wengi. Nafasi ilikuwepo. Tatizo ni kwamba flashi ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, na mfumo huo wa kupanga mafaili haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama kuna nafasi mara kumi ya hiyo. Mashine ingesema hivyo waziwazi, ningeokoa saa nzima.

Ilikuwa imefika alasiri. Nikazima kila kitu, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikafungua kasha.

Vumbi la miaka 16 lilikuwa limelala ndani kama blanketi. Niliipangusa taratibu kwa brashi laini, nikagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke, nikachomoa ule utepe mpana wa kijivu unaoiunganisha diski na ubao mkuu. Diski za siku hizo ni za IDE, zenye pini 40, na kompyuta mpya haina mahali pa kuzichomeka. Lakini nilikuwa nimeazima kwa rafiki kifaa kidogo cha kugeuza IDE kuwa USB, chenye adapta yake ya umeme, kwa sababu diski kubwa ya aina hiyo hailishwi na waya wa USB peke yake. Nikakagua kile kiplastiki kidogo nyuma ya diski kinachoamua kama itakuwa kuu au ya pili. Kilikuwa mahali pake. Nikachomeka.

Diski ikaanza kuzunguka kwa mlio wake wa siku zote. Nilishusha pumzi. Kwa diski ya umri ule, unachoogopa kusikia ni mlio wa "ta, ta, ta" wa kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kuikosa.

Windows 10 ikaionyesha kama herufi E. Nilipobofya folda ya Baba nikaambiwa sina ruhusa, kwa kuwa folda zile bado zilikuwa za mtumiaji wa mashine nyingine. Nikakubali kuchukua ruhusa, upau wa kijani ukatembea, folda zikafunguka. Nikanakili nyaraka zake, picha, nyimbo, na kila kilichokuwa kwenye uso wa kompyuta yake. Gigabaiti 31, ambazo asubuhi zilikuwa kazi ya kutwa nzima, ziliisha katika muda wa nusu saa hivi. Nikalinganisha idadi ya mafaili ya folda zile pande mbili. Ilikuwa sawa. Video ya harusi ikacheza mwanzo hadi mwisho. Nilijisikia mwepesi. Mpwa wangu alikuwa ameshaomba mashine ya zamani, nami nikamwahidi kwamba jioni hiyohiyo nitaifuta diski na kuisakinisha upya.

Kisha nikamwita Baba.

Aliketi, akavaa miwani, akafungua picha. Jambo la kwanza aliloona ni tarehe. "Mbona zote zinasema zimetengenezwa leo?" Nikamweleza kwamba nakala huzaliwa siku inaponakiliwa, lakini tarehe ya kupigwa picha imo ndani ya picha yenyewe, kamera iliiandika. Nikapanga upya kwa tarehe hiyo, zikajipanga mwaka kwa mwaka. Akatikisa kichwa, ameridhika. Akaangalia barua alizokuwa akiandikia ofisi mbalimbali, akaangalia mahesabu yake. Alikagua kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari.

Halafu akauliza, "Na barua za shangazi yako umeziweka wapi?"

Sikuelewa mara moja. Nikadhani anazungumzia barua alizochapa. Akasema hapana, zile za kompyuta, alizokuwa akiandikiana na dada yake. Shangazi aliishi mbali nasi, na tangu 2004 hadi alipofariki 2011 waliandikiana karibu kila wiki. Waliulizana majina ya babu zao, nani alizaliwa mwaka gani, methali fulani ya mama yao iliishiaje. Walibishana pia. Mabishano yao niliyajua kwa kuwa Baba alikuwa akinisomea mengine kwa sauti, akitaka nimuunge mkono.

Nikamjibu kwa haraka kwamba barua pepe hazikai kwenye kompyuta, zipo kwenye mtandao, tutaingia na kuzikuta. Nilisema hivyo kwa sababu zangu mimi ndivyo zilivyo. Tukaingia kwenye akaunti yake. Kikasha kilikuwa na matangazo ya miezi michache tu. Hakuna hata barua moja ya Shangazi.

Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Baba alitumia Outlook Express, programu ya barua pepe iliyokuja na XP, na miaka ile tuliiunganisha kwa utaratibu wa POP3. Utaratibu huo, usipoubadilisha, hufanya kazi kama sanduku la posta: unafungua, unachukua barua zako, sanduku linabaki tupu. Kila barua ya Shangazi iliposhuka kwenye mashine ya Baba ilifutwa kule ilikotoka. Nakala pekee duniani ilikuwa kwenye ile diski iliyokuwa mezani mbele yangu, ambayo nilipanga kuifuta kabla ya kulala.

Mikono ilinitetemeka, sifichi. Baba hakusema lolote. Aliondoa miwani, akaipangusa, akangoja.

Niliiunganisha diski tena. Barua hazikuwa kwenye nyaraka wala mahali popote ambapo mtu wa kawaida angefungua. Outlook Express iliziweka ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye Local Settings, halafu Application Data, halafu Identities, halafu folda yenye jina la mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ndani ya mabano, halafu Microsoft, halafu Outlook Express. Na Local Settings imefichwa. Usipoiamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa, huioni. Nilikuwa nimenakili nilichokiona, nikalinganisha idadi ya nilichokiona, nikatangaza kwamba hakuna kilichobaki. Nilipaswa kumkalisha Baba asubuhi na kumuuliza: unapowasha mashine hii, unafanya nini nayo? Angenitajia barua kabla ya kitu kingine chochote.

Faili lilikuwepo. Dada.dbx. Programu ile hutengeneza faili moja kwa kila folda ya barua, na Baba alikuwa amemtengenezea dada yake folda ya peke yake. Nililinakili papo hapo mahali pawili tofauti kabla ya kufanya kingine.

Lakini kuwa na faili si kuwa na barua. Windows 10 haina Outlook Express, na programu nilizojaribu upande huo hazikujua la kufanya na dbx. Nikaona njia ni kurudi nyuma. Nikairudisha diski kwenye kasha lake, nikachomeka utepe, nikawasha. Mashine ikaniambia ni tarehe 1 Januari 2002, Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu alasiri, akasogea na kurekebisha tarehe mwenyewe.

Nikaileta kwa flashi Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, toleo la 52, la mwisho kukubali Windows XP. Hilo lilikuwa daraja letu: ni la zamani kiasi cha kuelewana na Outlook Express, na barua inazoziweka hufunguka kwenye Thunderbird mpya. Nikaiagiza ivute barua kutoka Outlook Express. Iliendelea polepole, Baba akiwa ameketi kando yangu na mkono begani kwangu. Ilipomaliza, kwenye folda ya Dada kulikuwa na barua 412. Tukafungua Outlook Express tukahesabu: 412. Nikaichukua folda nzima ya Thunderbird kwenye flashi, nikaihamishia kompyuta mpya, nikafungua. 412, kila moja na tarehe yake ya kweli, kwa kuwa tarehe ya barua huandikwa kwenye kichwa cha barua yenyewe.

Nilimwonyesha kitu kimoja zaidi kilichonifurahisha. Thunderbird huweka barua za folda moja ndani ya faili moja la maandishi ya kawaida. Nililifungua kwa Notepad, na katikati ya mistari ya alama zisizosomeka kirahisi yakaonekana maneno ya Shangazi: "Kaka, umekosea tena." Hata programu ikitoweka siku moja, mtu ataweza kuyasoma.

Mpwa wangu alipata mashine baada ya wiki mbili, ikiwa na diski nyingine. Ile ya zamani niliifunga kwenye bahasha, nikaandika juu yake mwaka na yaliyomo, nikamkabidhi Baba.

Usiku ule nilitaka nimwache apumzike. Akakataa. Alisema nimwonyeshe faili linakaa wapi, nimwonyeshe njia yote, folda baada ya folda. Akachukua daftari lake na kalamu, akawa ananiuliza kila jina linavyoandikwa, na mstari wa kutenganisha unalalia upande gani. Aliandika njia nzima kwa herufi kubwa, akairudia kuisoma akilinganisha na skrini, akasahihisha herufi moja. Kisha akafungua barua ya kwanza, ya 2004, akaniomba nikuze maandishi kidogo.