Mvua isiyo na radi

Mvua ya leo hapa Unguja imetulowesha bila hata radi moja. Wingu lilikuwa fupi, halikufika kilomita 5 ambako maji huanza kuganda. Chaji ya radi hutokana hasa na vipande vya barafu kugongana winguni. Bila barafu, chaji itoke wapi?

Hewa yenyewe, hata juani, ina volti 100 hivi kwa kila mita. Tone likianguka humo, upande wake wa chini huwa na chaji chanya, wa juu hasi. Kitone kikiligusa kwa chini kikaponyoka, kinaondoka na chanya. Tone linashuka na hasi. Ila vingi haviponyoki, vinamezwa palepale, kwa hiyo chaji inakuwa haba.

Nilijaribu mashine ya mwanafizikia Kelvin ya 1867, inayozalisha chaji kwa matone ya maji: makopo mawili, maji yanadondoka, nyaya zimepishana. Cheche sikuiona. Unyevu wa pwani uliila chaji yote, na wanangu wakacheka.